Hatua Arobaini za Hamda

Dalenda binti Hamda alishuka kwenye treni ya Mahdia saa nne na nusu asubuhi, mkononi ana ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na mfuko wa chokaa, brashi mbili, chupa ya maji, kandambili, na mkate wa samaki na pilipili aliojitengenezea jikoni kwake Tunis kabla ya alfajiri. Njia nzima abiria walikuwa wakimwangalia tu. Walipobadilisha treni pale Susa, bwana mmoja mwenye mkoba wa ofisini alishindwa kujizuia.

"Mama, kwani huko Mahdia ndoo zimekwisha madukani?"

"Zipo," Dalenda akamjibu. "Lakini za huko hazinijui."

Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mfupi, mnene wa kiasi, nyonga ya kushoto mbovu. Ulimi wake ulikuwa umenolewa na miaka thelathini ya kupika katika shule ya bweni ya wasichana. Wasichana mia tatu wasiotaka kuona dengu humfundisha mtu kujibu haraka.

Safari hii alikuwa ameiahirisha kwa miaka ishirini na miwili. Kwanza mumewe aliugua, akauguzwa miaka sita, akafa. Kisha ikaja nyonga. Kisha wajukuu. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na zote kwa jumla hazikumsumbua sana, kwa kuwa Mahdia alikuwako kaka yake, Faraji. Kila mwaka, wiki ile ya mwisho kabla ya Ramadhani, simu ingelia na Faraji angesema maneno mawili tu.

"Mama kavaa."

Maana yake amekwenda makaburini kando ya bahari, amelipaka chokaa kaburi la mama yao, Mabruka, na sasa liko jeupe kama yanavyotakiwa kuwa makaburi ya Mahdia unapoingia mwezi mtukufu. Dalenda angemwombea afya, angekata simu, angerudi kuchambua dengu zake moyo umetulia. Ilikuwa raha kubwa kuwa na mtu wa kukufanyia jambo kama hilo, na Dalenda aliizoea raha ile mpaka akasahau kwamba ni kazi ya mtu.

Majira ya baridi yaliyopita Faraji alikufa. Makaburi ya kando ya bahari yalikuwa yamejaa zamani, kwa hiyo akazikwa kwenye makaburi mapya nje ya mji. Dalenda alikaa matanga siku tatu chumbani na wanawake, akipokea pole na kumimina chai, akarudi Tunis. Alikuwa tayari ndani ya treni, ameegemea dirisha, alipokumbuka jambo lililomfanya akae wima. Kaburi la mama yake halikuwa na jina.

Baba yao ndiye aliyekataa. Alikuwa mfumaji wa hariri, mtu mrefu wa maneno machache, na mkewe alipokufa Faraji alikuwa na miaka kumi na sita na Dalenda kumi na mmoja. Ndugu walimshauri aweke jiwe lenye maandishi. "Jina ni la mgeni," Hamda aliwaambia. "Watoto wangu watahitaji kusoma ndipo wamjue mama yao?" Akawachukua mpaka kwenye tao la mawe lililobaki katika bandari ya kale, akasimama chini yake, bahari ikiwa mkono wa kulia, akatembea kuelekea ngome. Hatua arobaini. "Hapa," alisema, "mkono wa kushoto." Basi. Hamda mwenyewe alikuja kufia Tunis nyumbani kwa binti yake, akazikwa huko huko, kwa hiyo hakuna aliyelala karibu na Mabruka wa kumtambulisha. Sasa duniani mwote aliyeijua hesabu ile alikuwa amebaki mtu mmoja, naye ndiye huyu mwenye nyonga mbovu. Akifa yeye kabla ya kumwonyesha mtu, Mabruka atakuwa amepotea. Jambo hilo lilimnyima usingizi tangu baridi mpaka masika.

Alimwambia binti yake, Olfa, anayefanya kazi benki.

"Mama, si umpigie simu jirani mmoja huko akupakie? Una nyonga."

"Jirani ndiye aliyenizaa?"

"Basi subiri mwakani. Kazi ikipungua nitakupeleka kwa gari."

"Mwakani yako naijua tangu ukiwa na miaka kumi, Olfa. Bado haijafika."

Ndivyo alivyopanda treni peke yake.

Kutoka kituoni alikwenda taratibu mpaka Lango Jeusi, lango la kuingilia mji wa kale. Katika ule ujia wake mrefu wa giza watoto wote wa Mahdia hupiga kelele ili wasikie sauti zao zikirudi, na Dalenda aliangalia nyuma, akaangalia mbele, hakuona mtu, akaweka ndoo chini na kupiga ukelele mdogo: "Uuu!" Lango likamjibu. Akacheka peke yake, na mara machozi yakamjia, kwa sababu sauti iliyorudi ilikuwa ya bibi kizee.

Mitaa ya ndani ilikuwa kimya kupita alivyoizoea. Zamani usingeweza kupita pale bila kusikia mitambo ya kufumia ikigonga kila nyumba, mmoja huku, mmoja kule, na mtu wa mtaani aliweza kutambua kwa mlio tu nani yuko kazini na nani amelala. Dalenda alianza kuzungusha hariri kwenye vijiti akiwa na miaka saba. Mama yake alimfundisha kuupitisha uzi katikati ya midomo, taratibu, kwa sababu mdomo husikia fundo ambalo jicho halilioni. Bibi harusi wa Mahdia hakuvishwa shali yenye fundo, la sivyo shangazi za bwana harusi wangelitaja mpaka siku ya kufa kwao. Hata leo, akishona kifungo, Dalenda huupitisha uzi mdomoni kwanza. Wajukuu wake humcheka.

Sasa ulisikika mtambo mmoja tu, mbali, ukifuma vitambaa vya kuwauzia watalii. Nyumba yao ya zamani ilikuwa bado na mlango wa bluu, lakini kando yake palikuwa na kengele ya umeme na kibao cha kukaribisha wageni wa kulala. Dalenda aliugusa mlango kwa kiganja. Alitaka sana kugonga, aingie mara moja tu aone pembe ulipokuwa mtambo wa baba. Hakugonga. Alijua wangemfungulia watu wema wasiojua lolote, na angelazimika kuwaeleza yeye ni nani mlangoni kwao wenyewe.

Kwenye uwanja mdogo wa mkahawa, chini ya miti, alikaa kupumzisha nyonga. Mhudumu alikuwa Shukri, ambaye Mahdia nzima humjua kwa urefu wake na kwa kovu la kwenye paji, alilopewa na milango mifupi ya mji.

"Karibu shangazi. Ndoo hiyo unakwenda kuhamisha bahari?"

"Nikimaliza chai nitaamua. Niletee ya mnanaa, na usiijaze sukari kama unamtengenezea mtoto."

Alipoleta glasi akamuuliza ni mtu wa wapi. Dalenda akajitambulisha: binti Hamda mfumaji, dada yake Faraji, amekuja kumpaka mama yake chokaa.

Shukri akaipangusa meza iliyokuwa safi. Meza ya pili wazee wawili walikuwa wakicheza karata. Mmoja akaanza, "Ah, basi mwaka huu ni zamu ya akina..." na mwenzake akampiga teke chini ya meza.

"Cheza, wewe!" alisema yule mwenzake. "Zamu ni yako."

"Mwenyezi Mungu amrehemu Faraji," Shukri akasema haraka. "Hakuna mtu aliyekuwa akimsema vibaya hapa. Chai hii ni yetu, shangazi."

Dalenda akashukuru, akanywa, akaenda zake. Aliona kwamba wazee wale wanamwangalia mgongoni, ila akadhani ni ndoo.

Makaburini upepo ulikuwa mwingi. Makaburi ya pale hushuka mteremko mpaka karibu na maji, na chumvi ya mawimbi huyala majira yote ya baridi, hata ikifika masika mengi huwa yamechujuka kuwa ya kijivu. Alilikuta tao la mawe mahali pake. Akasimama chini yake, bahari mkono wa kulia, akataja jina la Mungu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Kwenye kumi na mbili nyonga ilimchoma akapumzika. Kwenye thelathini akaogopa kwamba amekosea akarudi mpaka taoni kuanza upya. Arobaini ilimfikisha kwenye kaburi moja la mkono wa kushoto, na alipoliona tu mabega yakamshuka.

Lilikuwa limetunzwa. Lilikuwa limenenepa kwa chokaa ya miaka juu ya miaka, pembe zake zimekuwa za mviringo, hakuna ufa wala jani. Kichwani, kama kwenye makaburi yote ya pale, palikuwa na kibakuli cha maji ya ndege, nacho kimefunikwa na chokaa mpaka mdomoni.

"Faraji," alisema, "kazi yako inaonekana. Kumbe ulikuwa unajitahidi hivi."

Akakaa chini, akamsalimia mama yake, akamsomea alichoweza kusoma, akamwomba radhi kwa miaka ile ishirini na miwili. Alilia kidogo. Kisha akavaa kandambili, akakoroga chokaa na maji kwenye ndoo, akaanza kupaka upande wa baharini. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu, furaha ya mtu aliyechelewa sana na akakuta bado anasubiriwa.

Alikuwa amemaliza upande mmoja mzima aliposikia sauti kutoka juu.

"Wee Dalenda! Dalenda binti Hamda! Weka brashi chini!"

Alikuwa ni Naziha, anashuka na mkongojo wake, mtandio umepeperuka nusu. Naziha alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, rika lake, shoga yake wa utotoni, na ndiye aliyemshikia shali siku ya harusi. Mkahawani walikuwa wamemtumia habari.

"Naziha! Bado unapiga kelele kama muuza samaki!"

"Na wewe bado huulizi kabla ya kuanza kazi. Shoga, huyo unayempaka ni mama yangu."

Dalenda akacheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Nimehesabu hatua arobaini," alisema. "Mara mbili."

"Hata Faraji alihesabu arobaini. Kila mwaka. Huyo ni mama yangu Zakia, nilimzika hapa kwa mkono wa ndugu zangu, na nimemjua mahali pake miaka arobaini yote hii. Sogea nikae, miguu yangu imekwisha."

Akakaa juu ya jiwe, akashusha pumzi, akasema yote. Miaka minane iliyopita alikuja na ndoo yake akakuta mama yake amekwisha kupakwa. Alidhani ni mwanawe amemfanyia, akamsifu sana, na yule mtoto asiye na haya akaipokea sifa. Mwaka wa pili Naziha akawahi. Akamkuta Faraji amepiga magoti, anapaka, na huku anamsimulia marehemu.

"Anamsimulia nini?"

"Habari zako! Dalenda amekwisha kustaafu, Dalenda amepata mjukuu wa tatu, Dalenda nyonga inamsumbua, muombee. Nikafungua mdomo nimwambie. Akaniangalia na macho yake yale, unajua mwenyewe kufuma hariri kulivyomla macho, akaniambia, 'Naziha, umeona mama alivyopendeza?' Sasa ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Ningesema kweli!"

"Ungemwambiaje mzee wa watu kwamba hatua zake zimefupika?"

Dalenda aliangalia safu ya makaburi iliyoendelea mbele, kuelekea ngome.

"Kabla ya mama yako?" aliuliza pole pole.

"Kabla yangu walikuwa akina Zuwari, lile pale. Kabla ya hapo akina Mlika. Kabla ya hapo kuna watu wa Turki, wao hata wenyewe walihamia Sfaksi, hawakujua wanapakiwa bure. Mgongo ulivyokuwa unampinda, ndivyo alivyoshuka, kaburi moja, miaka miwili mitatu, kaburi jingine. Kila baridi bahari inachujua chokaa, yote yanakuwa ya kijivu, yeye akija hajui mwaka jana alikuwa wapi. Anahesabu arobaini, anapaka, anakwenda kwa Shukri kunywa chai na kukupigia simu."

"Na mji mzima mnajua."

"Mji mzima."

Hapo ndipo hasira ilipompanda Dalenda. Alisimama, brashi mkononi, chokaa inamdondokea miguuni.

"Mlikaa mnakunywa chai! Mama yangu yuko uchi miaka yote hii, nyinyi mnaulizana zamu ya nani! Wewe, Naziha, uliyekula mkononi mwake! Yule mama aliyekuwa akikusuka nywele kila Alhamisi kwa sababu mama yako alikuwa hajui kusuka!"

"Nilikosa," alisema Naziha. "Nilikosa, na nimekuwa nikikosa kila mwaka. Nilikuwa naona raha pia, sikufichi. Miguu hii hainipeleki tena kupiga magoti, na mtu anakuja kumpamba mama yangu na kumsimulia habari njema. Nikanyamaza. Lakini nikwambie na lako?"

"Sema."

"Ungekuja mara moja tu, Dalenda. Mara moja, mkahesabu pamoja, ungeona anaishia wapi. Wewe ndiye pekee uliyekuwa na haki ya kumwambia. Hukuja."

Dalenda akakaa chini. Aliikumbuka simu ile ya kila mwaka, na jinsi alivyokuwa anaikata upesi ili dengu zisiungue. Akaiangalia tena safu ile ya makaburi, na sasa akamwona kaka yake humo: hapa alikuwa bado anatembea wima, pale mgongo umeanza, pale anapumzika njiani, hapa amekuwa mzee. Alikuwa hajamlilia Faraji sawasawa siku za matanga, wageni walikuwa wengi mno. Alimlilia pale, kwa sauti, na Naziha akamshika mkono wenye chokaa bila kujali nguo yake.

Walipomaliza, maana naye Naziha alikuwa ameingia kilioni, Dalenda alipangusa uso kwa kiwiko.

"Basi yuko wapi?"

"Juu kule. Lipi hasa, wallahi sijui. Miaka ile sikuwa naangalia."

"Mimi nimehesabu kwa miguu yangu. Mjinga mkubwa. Arobaini ni za baba." Akafikiri. "Baba alikuwa anainama kila mlango. Nilikuwa naruka nyuma yake siku ile, ili mguu wangu utue alipokanyaga. Naziha, nani mrefu katika mji huu?"

Wakaangaliana, na Naziha akatoa simu.

Shukri alifika amevaa aproni yake, sinia bado iko kwapani, nyuma yake wamemfuata wale wazee wa karata kwa udadisi. Alipoelezwa kazi, aliona haya mpaka shingoni.

"Shangazi, mimi nilitaka kumwambia Faraji mara nyingi..."

"Hukumwambia, na chai yako nimeinywa, basi tumelipana. Simama hapa chini ya tao. Hatua arobaini."

Shukri akaondoka mbio mbio kama anayeitwa na meza sita.

"Rudi!" Dalenda akapiga kelele. "Hapa huchukui oda! Baba yangu alikuwa anatembea kama mtu aliyeshiba. Mikono nyuma. Anza tena."

Akaanza tena, mikono nyuma, na sinia juu ya makalio. Dalenda alimfuata. Kwa hatua tatu za kwanza alijaribu kuruka kama zamani, ili akanyage alipokanyaga, nyonga ikamkataza, akaendelea kwa kuchechemea na kuhesabu. Wakampita Zakia. Wakawapita akina Zuwari, akina Mlika na wale wa Turki. Kwenye arobaini Shukri akasimama, akanyoosha mkono wa kushoto.

Lilikuwa kaburi la kijivu, limechanika ubavuni, majani makavu yametoka kwenye ufa. Halikuwa na chembe ya chokaa. Dalenda aliinama kichwani pake akapangusa mchanga kwa vidole. Kibakuli cha ndege kilikuwa kimevunjika nusu, lakini nusu iliyobaki ilikuwa wazi, haijafunikwa na kitu: nyeupe, ukingo wa kijani. Kilikuwa kibakuli cha mama yake cha kahawa. Baba alikitoa rafuni mwenyewe, akakizamisha kwenye saruji mbichi, na jioni ile Dalenda wa miaka kumi na mmoja aligoma kula kwa sababu hakutaka ndege wanywee kikombe cha mama.

"Ni yeye," alisema.

Mzee mmoja wa karata alivua kofia.

Kazi aliifanya yeye mwenyewe. Shukri alitaka kumsaidia akafukuzwa, akaruhusiwa tu kuvuta ndoo na kuteka maji. Aling'oa majani, akaziba ufa kwa chokaa nzito, akapaka mkono wa kwanza, akasubiri ukauke na upepo huku wakigawana mkate wa samaki yeye na Naziha, akapaka wa pili. Alipokuwa akipaka alimsimulia mama yake. Hakuanza na habari zake mwenyewe, alianza na Faraji: kwamba hakuacha hata mwaka mmoja, kwamba alikuwa karibu sana, makaburi machache tu, na kwamba asimlaumu. Kibakuli hakukipaka. Alikisugua kwa ncha ya mtandio akakijaza maji mpaka kwenye palipovunjika.

"Mama kavaa," alisema, akaliona kaburi lote kupitia machozi.

"Na wangu?" Naziha akauliza kutoka jiweni. "Umemwacha nusu nguo. Upande mmoja umepaka, mwingine aibu tupu."

"Wako amevaa miaka minane kwa jasho la kaka yangu. Mwaka huu avae kwa lako. Shika brashi hii. Utakaa, nitakuvutia ndoo."

Naziha alilalamika njia nzima kurudi chini, kisha akapaka, amekaa upande, anaguna. Wazee wa karata walipewa brashi ya pili wakalipake lile la akina Zuwari, kwa ajili ya mdomo wao.

Simu ya Dalenda ililia wakiwa wanakosha ndoo. Ni Olfa.

"Mama, umelipata?"

"Nimelipata."

"Alhamdulillahi. Sasa niambie liko wapi niandike, tusije tukapata shida siku nyingine. Tao la mawe, bahari kulia, hatua arobaini, siyo?"

Dalenda aliangalia juu kwa mama yake, akaangalia chini kwa Zakia, na yale makaburi yaliyokuwa katikati.

"Arobaini ni za babu yako," alisema. "Za mjomba wako zilianza arobaini, Mungu ndiye anayejua zilipoishia. Zangu leo ni sitini na mbili. Nyonga ikizidi zitafika sabini."

"Na zangu mimi?"

"Nitajuaje? Sijawahi kukuona ukitembea hapa."

"Basi nipigie picha, nitumie."

"Picha ina miguu, Olfa?"

Olfa hakukata simu. Dalenda alisikia sauti za benki, mashine, watu wakiitwa kwa namba. Hakumsaidia binti yake kwa neno lolote, nako kunyamaza hivyo kulimgharimu, maana hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Jumamosi," Olfa akasema mwishowe, sauti imebadilika. "Treni ya kwanza ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasorobo. Mimi nitalala kwa Naziha mpaka uje." Akasita kidogo, kisha akaongeza, kwa ukali ili asilie tena mbele ya watu. "Na uvae viatu vya chini. Ukija na visigino vyako vile vya kazini utanipotezea hesabu."